Joshua Lionel Cowen

Joshua Lionel Cowen (New York, Marekani, 25 Agosti 1877 – Palm Beach, Florida, 8 Septemba 1965) alikuwa mvumbuzi na mfanyabiashara wa Marekani. Anajulikana hasa kama mwanzilishi wa kampuni ya Lionel, ambayo katika miaka ya 1950 ilikuwa kati ya watengenezaji wakubwa kabisa wa vitu vya kuchezea duniani. Kitu cha kwanza alichokiuza kutoka familia ya treni hakikuwa injini, bali behewa la mizigo.

Jina lake hutajwa hadi leo wapenzi wa modeli za reli wanapojadili kiasi gani behewa dogo la mezani linapaswa kufanana na behewa halisi la zamani. Wengi wao walianza utotoni na treni zake, kisha wakaziacha kwa sababu hazikuwa za kweli vya kutosha. Cowen mwenyewe alijaribu njia zote mbili, na kampuni yake ilipata faida na hasara kwa zote mbili.

Maisha ya awali

Alizaliwa Manhattan, mtoto wa nane kati ya watoto tisa wa familia ya Wayahudi waliohamia Marekani kutoka Ulaya Mashariki. Jina la ukoo lilikuwa Cohen. Yeye alianza kutumia Cowen mnamo mwaka 1910 hivi, wakati tayari alikuwa na kampuni yake. Alisoma kwa muda mfupi City College ya New York na Chuo Kikuu cha Columbia lakini hakumaliza. Alipenda mashine kuliko darasa, akaingia kazini katika karakana za vifaa vya umeme.

Habari za ujana wake zinahitaji kusomwa kwa uangalifu, kwa kuwa nyingi zilitoka kinywani mwake alipokuwa tajiri tayari. Alisimulia kwamba akiwa na miaka 7 alichonga injini ya treni kwa mti, akaitia chombo cha mvuke, nayo ikalipuka na kubandua karatasi za ukuta wa jikoni kwa mama yake. Alisimulia pia kwamba ndiye aliyebuni tochi ya umeme, akampa wazo hilo Conrad Hubert, mwanzilishi wa kampuni iliyokuja kujulikana kwa jina la Eveready. Hata hivyo, hataza ya tochi ya mkononi ilitolewa mwaka 1899 kwa David Misell. Vitabu vingi vya zamani kuhusu treni za kuchezea vilirudia masimulizi ya Cowen bila kuyapima.

Lililo wazi zaidi ni kwamba mwaka 1899 aliomba hataza ya kifaa cha kuwashia unga wa mwanga wa wapiga picha kwa kutumia betri kavu. Kazi hiyo ilimpatia mkataba na jeshi la wanamaji la Marekani, uliohitaji viwashio 24,000 vya mabomu ya baharini. Kwa fedha za mkataba huo alifungua karakana Manhattan mwaka 1900 akiwa na mwenzake Harry C. Grant. Kampuni iliitwa Lionel, jina lake la kati.

Behewa la kwanza

Mwaka 1901 Cowen alikuwa na mota ndogo ya umeme iliyotengenezwa kwa ajili ya feni, na feni hiyo haikuwa na soko. Akaifunga chini ya behewa wazi la mbao, yaani lile lisilo na paa ambalo kwenye reli halisi hubeba makaa ya mawe, vyuma chakavu au mchanga. Ubavuni aliandika Electric Express kwa rangi ya dhahabu. Likizunguka kwenye duara la vipande vya shaba vilivyochomekwa katika mataruma ya mbao, behewa hilo lilipata umeme kutoka kwenye betri za maji.

Halikukusudiwa watoto. Lilikuwa tangazo: muuza duka Robert Ingersoll alitakiwa kuliweka dirishani, lipite mbele ya wapita njia likiwa limebeba bidhaa. Wateja, lakini, walitaka kununua behewa lenyewe kuliko bidhaa zilizomo, na Ingersoll akaagiza mengine. Bei yake ilikuwa dola 4.

Kwa jicho la mtu wa reli, kifaa hicho kilikuwa na makosa karibu kila upande. Behewa la mizigo haliendi lenyewe, huvutwa. Halikuwa na breki wala ngazi za kupandia. Upana wa reli yake, inchi 2 na 7/8 (milimita 73), haukutoka kwenye skeli yoyote. Sanduku lake lilifanana zaidi na kasha la biri kubwa. Cowen alijua hayo, na ndani ya miaka miwili alitoa injini iliyofuata umbo la injini ya umeme ya kampuni ya reli ya Baltimore and Ohio, iliyovuta treni ndani ya handaki la mji wa Baltimore. Tangu hapo katalogi zake zilisisitiza kwamba treni za Lionel ni nakala za treni za kweli. Dai hilo lilibaki kwenye matangazo kwa miaka 50, likiwa kweli mara chache na si kweli mara nyingi.

Reli tatu

Mwaka 1906 Cowen aliacha upana wa kwanza akaleta mwingine wa inchi 2 na 1/8 (milimita 54), wenye vyuma vitatu vya reli badala ya viwili. Chuma cha katikati kilileta umeme, na viwili vya pembeni viliurudisha. Mpango huu uliondoa tatizo kubwa la reli mbili: njia inapojipinda na kurudi juu yake yenyewe, chuma cha kulia hukutana na cha kushoto na umeme hupiga shoti. Kwa vyuma vitatu mtoto aliweza kutandika njia ya umbo lolote bila kujua chochote kuhusu umeme.

Upana huo aliuita Standard, yaani wa kawaida, ingawa hakuna mtengenezaji mwingine aliyekuwa akiutumia wakati huo. Jina lilifanya kazi yake dukani: mzazi aliyeona treni za wengine aliamini kwamba ndizo zisizofuata kawaida. Washindani nao wakalazimika kuufuata miaka ya 1920, na hivyo jina likawa kweli baada ya kutangazwa.

Reli za kweli za Marekani zina upana wa milimita 1435, ambao ndio pia wa reli mpya za SGR za Kenya na Tanzania. Hakuna hata moja yenye chuma cha tatu katikati ya njia ya treni za mizigo. Cowen aliukubali uongo huo mmoja mkubwa ili vingine vyote vifanye kazi, na Lionel iliendelea nao katika treni zake za upana wa Standard na wa 0.

Mwaka 1915 aliongeza upana mdogo zaidi uitwao 0, wa milimita 32, uliofaa nyumba ndogo. Huo ndio uliokuja kuwa mkuu.

Rangi na urefu wa mabehewa

Mwaka 1904 Cowen alikuwa amemwoa Cecelia Liberman, wakapata watoto wawili, Lawrence na Isabel. Picha ya Lawrence akiwa mtoto mdogo ilitumika kwenye matangazo ya kampuni. Kiwanda kilihamia jimbo la New Jersey, ambako msimamizi wake kwa miaka mingi alikuwa Mario Caruso, mhamiaji kutoka Italia.

Kufikia miaka ya 1920 Lionel ilikuwa na mfululizo kamili wa mabehewa ya mizigo ya upana wa Standard: behewa wazi, behewa lenye paa na milango ya pembeni, behewa la ng'ombe, la tangi, la makaa ya mawe lenye milango chini, la winchi, na la mkia ambamo walikaa wafanyakazi wa treni. Yalitengenezwa kwa bati nene lililopigwa rangi ya kuokwa, na kuwekewa ngazi, vishikio na vibao vya shaba nyeupe au ya njano. Ni vitu vya kupendeza, na wakusanyaji wanavilipia fedha nyingi hadi leo.

Lakini aliyewahi kusimama kando ya reli Marekani wakati ule asingeyatambua. Mabehewa halisi yenye paa yalikuwa karibu yote ya rangi ya kutu, kwa sababu rangi iliyotokana na oksidi ya chuma ilikuwa rahisi na ya kudumu. Ya Lionel yalikuwa ya njano, ya maziwa yenye paa la chungwa, ya kijani na ya buluu ya tausi. Inaelezwa kwamba Cowen alizitaka rangi hizo kwa kuwa aliyefungua pochi dukani mara nyingi alikuwa mama, wala hakuona sababu ya kumwekea mbele treni ya rangi ya matope.

Urefu nao haukuwa wa kweli. Behewa la kawaida la Marekani lilikuwa na futi 40, kama mita 12. Kwa kufuata upana wa Standard, modeli yake ingekuwa na sentimita 46 hivi; la Lionel lilikuwa na sentimita 32. Sababu ilikuwa kona. Treni ya kuchezea ilitakiwa igeuke ndani ya chumba cha kulala, na behewa refu kwenye kona kali hutokeza katikati kwa ndani na ncha zake kwa nje, likagonga treni ya njia ya pili au kuanguka. Behewa fupi na nene lilipita popote.

Maandishi ndiyo yaliyopotoka zaidi. Ubavu wa behewa halisi ni kama cheti cha kuzaliwa: una herufi za kampuni inayolimiliki, namba ya behewa, uzito wake likiwa tupu, uzito wa mzigo linaoruhusiwa, na mwezi na mwaka lilipojengwa. Herufi na namba hizo ndizo zilizowawezesha makarani kujua behewa la kampuni moja limefika wapi kwenye reli ya kampuni nyingine. Lionel kwa kawaida iliandika hapo namba ya bidhaa katika katalogi yake, ili mteja ajue la kuagiza. Miaka ya 1930 iliuza pia behewa lenye tangazo la peremende za Baby Ruth. Wakati huohuo, mwaka 1934, tume ya serikali iliyosimamia reli iliamua kuzuia mabehewa yenye matangazo makubwa ya bidhaa za wateja, nayo yakatoweka kwenye reli halisi katika miaka michache. Kwenye reli za Lionel, Baby Ruth iliendelea kusafiri hata baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia.

Miaka ya shida

Mdororo wa uchumi ulioanza mwaka 1929 uliikumba Lionel vibaya. Treni za bei ghali za upana wa Standard hazikununuliwa tena, na Mei 1934 kampuni iliwekwa chini ya wasimamizi walioteuliwa na mahakama. Mwaka huo iliuza kigari kidogo cha reli chenye Mickey Mouse na Minnie Mouse kwa dola 1. Vilinunuliwa zaidi ya 250,000. Magazeti yaliandika kwamba panya ameiokoa Lionel, na hadithi hiyo inarudiwa hadi leo. Faida ya kitu cha dola moja haikuweza kufanya kazi hiyo peke yake.

Kilichosaidia zaidi kilikuwa treni ya upana wa 0 iliyofuata umbo la M-10000, treni mpya ya kasi ya kampuni ya Union Pacific iliyokuwa ikizunguka Marekani mwaka 1934 na kutazamwa na umati. Hapa watu walitaka nakala ya kitu walichokiona kwa macho yao, na Lionel ikawapa yenye uwiano mzuri kuliko chochote ilichowahi kutengeneza. Januari 1935 kampuni ilirudi mikononi mwa wenyewe.

Modeli za skeli kamili

Wakati huo kundi jipya la wateja lilikuwa likijitokeza. Walikuwa watu wazima, wengi wao mafundi na makarani, waliojenga modeli za reli kwa michoro ya reli halisi. Gazeti la Model Railroader lilianza kutoka Milwaukee mwaka 1934, na mwaka 1935 chama cha kitaifa cha wajenzi wa modeli, NMRA, kilianzishwa katika mji huohuo. Watu hawa walihesabu ribiti. Walitaka kujua behewa fulani lilijengwa mwaka gani, lilibadilishwa magurudumu lini, na kama kweli lingeweza kuonekana nyuma ya injini fulani katika mwaka fulani. Kwao Lionel ilikuwa jina la vitu vya watoto.

Cowen hakuwapuuza. Mwaka 1937 Lionel ilitoa modeli ya injini ya mvuke ya New York Central yenye namba 5344, kwa skeli ya 1:48, ikitumia michoro ya injini halisi. Ilikuwa na mabomba, ribiti na vishikio katika nafasi zake. Bei ilikuwa dola 75, kiasi ambacho mfanyakazi wa kawaida alikipata kwa wiki kadhaa. Ilihitaji reli maalumu yenye kona ya kipenyo cha inchi 72 (sentimita 183), wakati kona ya kawaida ya upana wa 0 ilikuwa na inchi 31 tu.

Injini ya namna hiyo haikuweza kuvuta mabehewa mafupi ya njano. Kwa hiyo mwaka 1940 Lionel ilitoa mabehewa manne ya mizigo ya skeli ya 1:48: la paa la kampuni ya Pennsylvania, la tangi la Shell, la makaa ya mawe la Baltimore and Ohio, na la mkia la New York Central. Behewa la Pennsylvania lilikuwa la bakelaiti, na lilipimwa sentimita 25 hivi, sawa na futi 40 zikigawanywa kwa 48. Rangi yake ilikuwa ile ya kutu. Maandishi madogo ya uzito na ujazo yalikuwepo ubavuni, na chini ya sakafu kulikuwa na sehemu za breki ambazo hakuna mtoto angeziona ila kwa kuligeuza.

Hata katika kazi hiyo makini, ukweli ulikuwa na mpaka. Milimita 1435 zikigawanywa kwa 48 hutoa karibu milimita 30, si 32. Mabehewa hayo bora yalisimama kwenye njia pana kuliko yao, kana kwamba reli za Marekani zilikuwa na milimita 1524. Na chuma cha tatu kilibaki katikati. Kampuni iliyauza kwa namna mbili, yenye magurudumu ya skeli kwa wajenzi wa modeli na yenye magurudumu na viungo vya kawaida kwa familia.

Kazi sahihi zaidi ya Lionel katika jambo hili ilikuwa ndogo na haikumbukwi sana. Kuanzia mwaka 1938 ilitengeneza treni za skeli ya 1:76 kwenye reli ya milimita 19, ambamo upana wa reli na ukubwa wa behewa viliafikiana karibu kabisa, na baadaye ilitoa hata aina ya reli mbili bila chuma cha katikati.

Vita vilikatisha yote hayo. Katikati ya mwaka 1942 serikali ilisimamisha utengenezaji wa treni za kuchezea ili metali iende kwa jeshi, na kiwanda kikageukia dira na vyombo vingine vya wanamaji. Krismasi ya 1943 Lionel ilikuwa na treni moja tu ya kuuza, ya karatasi ngumu ya kukata na kukunja kwa dola 1. Ilikuwa ngumu kuunganisha, na magurudumu yake hayakuviringika vizuri.

Mabehewa yenye vitendo

Baada ya vita Lionel haikurudisha mabehewa ya skeli wala treni za milimita 19. Lawrence Cowen alikuwa sasa rais wa kampuni na baba yake mwenyekiti, lakini neno la mzee lilibaki zito.

Jambo moja la mwaka 1945 lilisogea karibu na ukweli. Badala ya vishikizo vya zamani, mabehewa yalipata viungo vyenye umbo la ngumi iliyokunjwa, kama vile vya Janney vinavyotumika kwenye mabehewa halisi ya Marekani tangu mwisho wa karne ya 19, na viliweza kufunguliwa kwa sumaku ya umeme kutoka mbali. Vilikuwa vikubwa mno kwa skeli, ila mtoto aliweza kupanga mabehewa kama mfanyakazi wa stesheni.

Mvuto mkuu ulikuwa mwingine. Mwaka 1947 lilitoka behewa la maziwa: ukibonyeza kitufe mlango unafunguka, na mtu mdogo mwenye nguo nyeupe anasukuma mitungi ya maziwa hadi jukwaani, mmoja baada ya mwingine. Mwaka 1949 likafuata behewa la ng'ombe wanaotoka, wanazunguka zizi na kurudi ndani, wakati mwingine wakigoma kama ng'ombe wa kweli. Behewa la maziwa lilikuwa fupi kuliko inavyostahili, na mitungi ilitumbukizwa kupitia tundu la paani ambalo halikuwa na maana yoyote kwenye reli halisi. Likawa moja ya bidhaa zilizopendwa kuliko zote katika historia ya kampuni.

Kampuni za reli zenyewe zilikuwa na maslahi katika treni hizi. Modeli ya injini ya dizeli ya Santa Fe, ya nyekundu na fedha, ilipotoka mwaka 1948, gharama ya kalibu zake ilichangiwa na Santa Fe, New York Central na General Motors. Mwaka 1953 ulianza mfululizo wa mabehewa ya paa unaojulikana kwa namba 6464, ukianza na rangi na nembo za kampuni nne: Western Pacific, Great Northern, Minneapolis and St. Louis, na Rock Island. Reli halisi zilikuwa zimeanza kuacha rangi ya kutu na kupaka mabehewa rangi za kung'aa ili kujitangaza, kwa hiyo mara hii ukweli ndio uliomfuata Cowen. Namba iliyoandikwa ubavuni, hata hivyo, ilikuwa ya katalogi. Mwaka huo mauzo yalizidi dola milioni 32, kiwango cha juu kabisa katika maisha yake.

Treni ya waridi

Mwaka 1957 Lionel ilitoa treni ya mizigo kwa ajili ya wasichana. Injini ya mvuke ilikuwa ya rangi ya waridi, behewa wazi la waridi, la makaa ya mawe la zambarau nyepesi, mawili ya paa ya buluu ya yai na ya njano ya siagi, na la mkia la buluu ya anga.

Haikununuliwa. Maelezo yanayokubalika na wengi ni kwamba msichana aliyetaka treni alitaka treni kama ile ya kaka yake, yenye injini nyeusi. Tukio hili linafaa kukumbukwa kwa kuwa Cowen alikuwa ameuza mabehewa ya njano na ya tausi kwa miaka 30 bila mtu kulalamika. Kizazi cha miaka ya 1950, waliozoea nembo za Santa Fe na Great Northern, walikuwa wamefundishwa na Lionel yenyewe kudai treni ifanane na ile ya reli. Treni hiyo iliyokwama madukani sasa ni kati ya zinazotafutwa sana na wakusanyaji, nao huichunguza rangi yake kwa makini, kwa sababu kuna mabehewa ya kawaida yaliyopakwa upya ili yapite kama ya asili.

Miaka iliyofuata kampuni ilikimbilia mabehewa ya kurusha makombora, behewa linalolipuka vipande likipigwa, na behewa la twiga anayeinamisha shingo kabla ya daraja. Watoto walikuwa wamehamia kwenye televisheni, na familia zilisafiri kwa gari na ndege. Wajenzi wa modeli walikwenda kwenye skeli ya HO, 1:87, ambayo ilikuwa ndogo, ya bei nafuu, ya reli mbili na yenye mabehewa ya vipimo sahihi. Lionel iliingia katika HO mwaka 1957 kwa treni zilizotengenezwa na Rivarossi ya Italia, ikiwa imechelewa.

Kuuza kampuni na kifo

Mwaka 1958 kampuni ilipata hasara. Mwaka 1959 Cowen, akiwa na miaka 82, aliuza hisa zake kwa kundi lililoongozwa na mwanasheria Roy Cohn, mjukuu wa ndugu yake, aliyekuwa maarufu kwa kazi yake chini ya seneta Joseph McCarthy. Lawrence naye akaondoka. Cohn hakuwa mtu wa treni, na chini yake hasara iliendelea.

Baada ya kufiwa na Cecelia, Cowen alikuwa amemwoa Lillian Appel Herman. Miaka ya mwisho aliishi Florida. Alifariki Palm Beach tarehe 8 Septemba 1965 akazikwa katika makaburi ya Union Field, Queens, New York.

Baada ya kifo chake

Kampuni ya Lionel ilifilisika mwaka 1967. Mwaka 1969 haki ya kutengeneza treni zake ilikodishwa kwa General Mills, watengenezaji wa vyakula. Treni za Lionel ziliingizwa katika Jumba la Kitaifa la Heshima la Vitu vya Kuchezea la Marekani mwaka 2006.

Mabehewa ya skeli ya mwaka 1940 yalibaki bila mfuasi kwa miongo mitatu. Mwaka 1973 wamiliki wapya walitoa tena mabehewa ya mizigo yenye urefu kamili wa 1:48, yakitembea kwenye reli ileile ya vyuma vitatu. Waliyapa jina la Standard O.